Maji ya Mchicha

Kibokoni, katika Mji wa Kale, kuna watu wanaojulikana kwa halua, kuna wanaojulikana kwa ulimi, na kuna Bi Ummukulthum, aliyejulikana kwa maji ya mchicha. Mzazi aliyetoka kujifungua akionekana ana macho meupe, hutumiwa kikombe. Mtoto akichelewa kukaa, hutumiwa kikombe. Ramadhani ikifika, mwenye kulemewa na saumu hugongewa mlango baada ya kufuturu akaletewa kikombe, na ole wake asiyekimaliza huku mletaji amesimama. Maji hayo, kwa maelezo yake, yaliongeza damu kuliko dawa yoyote ya duka.

Utengenezaji wake haukuwa siri. Mchicha huoshwa, hutiwa maji ya kisima cha uani, ukachemshwa mpaka majani yakapoteza hata rangi. Majani hutupwa. Maji huchujwa kwa kitambaa cheupe, yakaachwa yapoe ili yasimchome mtoto, kisha yakatiwa kwenye chupa ya chai yenye maua mekundu yakae vuguvugu kutwa. Chupa hiyo haikuwa ikitiwa chai hata siku moja, na mgeni aliyeigusa aliambiwa aiache.

Mona, mjukuu wake wa miezi mitano, alianza kuyanywa maji hayo pale maziwa ya mamake yalipopungua. Jambo la maziwa kupungua Bi Ummukulthum alilisema ukumbini mbele ya wageni, kama mtu anayesema sukari imekwisha. Haifa, mamake Mona na mkewe Faraj mwana wa Bi Ummukulthum, aliinama akachezea pindo la leso yake. Tangu siku hiyo maziwa ya kopo yalikorogwa kwa maji ya mchicha, na aliyeyakoroga alikuwa nyanya mtu. Mama mtu alipewa chupa ikiwa tayari.

Siku ya kisa hiki, adhana ya alasiri ilikuwa imeshasomwa Haifa alipomwinua mtoto kitandani akaona midomo yake. Ilikuwa kama ya mtoto aliyekula zambarau. Akamtazama kucha, nazo ni hivyo hivyo. Mtoto hakulia. Alikuwa akihema haraka haraka na macho yake yamelegea.

"Mama! Ndoo umtizame Mona."

Bi Ummukulthum alikuja akijifuta mikono. Akamtazama mjukuu wake, akamgeuza uso upande wa dirisha.

"Damu," akasema. "Imempungua tena. Ngoja nilete chupa."

"Mama, asubuhi alikuwa mwekundu, yuwacheka. Jana pia, asubuhi mzima, alasiri hivi. Juzi pia. Kila akishakunywa ndiyo yuwabadilika."

"Akishakunywa nini?"

Katika nyumba ile swali hilo lilikuwa na jibu moja tu, na jibu hilo halikuwa likisemwa.

"Maji ya mchicha, mama."

Bi Ummukulthum hakupandisha sauti. Angepandisha ingekuwa afadhali. "Watoto sita nimewalea mimi kwa maji haya. Mumeo ni mmoja wao. Wewe hata maziwa huna, leo wanifundisha?"

Jirani yao Mwanaesha, ambaye masikio yake hayakuwahi kuzuiwa na ukuta, alishafika mlangoni. "Mtoto kapigwa jicho huyo," akasema. "Si mlimpeleka harusini juzi bila wanja? Tafuteni mtu amsomee, aandikiwe na kombe la aya, lioshwe anywe."

"Atasomewa," akasema Bi Ummukulthum. "Kwanza anywe." Akaileta chupa, akaanza kufungua kifuniko chake.

Haifa alimpigia simu mumewe dukani kwao Biashara Street. Faraj alikuwa na wateja wanaochagua leso za harusi, na sauti zao zilisikika zikibishana juu ya jina lililoandikwa kwenye leso.

"Faraj, mwanao amekuwa buluu. Nampeleka hospitali."

"Mama yuwasemaje?"

"Mama yuwataka kumnywesha tena."

"Basi msikize mama, Haifa. Yeye ndiye ajuaye watoto. Nikifunga duka n'takuja."

Haifa aliitazama simu, akaikata. Si kwamba Faraj alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwema wa aina ile inayomuudhi mke: mwema kwa kila mtu kwa wakati mmoja. Haifa akavaa buibui, akamfunga mtoto kwa leso, akashuka ngazi. Bi Ummukulthum alikuwa ameshatangulia, amesimama mlangoni na kikombe mkononi.

"Ukitoka na mtoto huyu bila ruhusa ya mumeo, usidhani mlango huu utakungoja."

"Usiningoje," akasema Haifa, akampita kwa ubavu. Maji kidogo yalimwagikia buibui lake.

Mwanaesha alishika mdomo. Miaka yote hiyo ya kusikiliza, hakuwahi kusikia mke wa mtu akimjibu Bi Ummukulthum maneno machache namna hiyo.

*

Hospitali haina haya na mtu. Karani wa mapokezi aliuliza baba wa mtoto yuko wapi, akauliza tena kwa sauti, kwa vile Haifa alijibu polepole. Foleni nzima ya akina mama ikageuka kutazama. Muuguzi alipoiona midomo ya Mona alimnyakua kutoka mikononi mwake, na huku akikimbia naye akauliza, "Mmempa nini huyu? Mitishamba? Ninyi watu wa Mji wa Kale na mitishamba yenu!"

"Mchicha," akasema Haifa, akimfuata mbio. "Maji ya mchicha. Andika ulivyosikia, na unidharau baadaye. Mtibu kwanza."

Tangu hapo muuguzi alimwita mama.

Walipomtoa mtoto damu, Haifa hakufumba macho ingawa aliambiwa afumbe. Damu iliyoingia kwenye sindano haikuwa nyekundu. Ilikuwa na rangi ya halua nyeusi. Daktari wa zamu, mwanamke kijana aliyeitwa Daktari Cynthia, aliitazama kwenye mwanga, akaamuru iletwe dawa. Dawa yenyewe ilikuwa buluu kama wino, na Haifa alipoona inaingizwa polepole kwenye mkono mdogo wa mwanawe, alitaka kupiga kelele kwamba buluu iliyokuwamo inatosha. Alijizuia. Akashika kidole cha mguu cha Mona, akautazama ukucha wake.

Ukucha ulibadilika. Kwanza alidhani ni macho yake. Kisha midomo nayo ikaanza kurudi, kutoka zambarau ikaja rangi ya kawaida, rangi ya asubuhi, na Mona akafungua kinywa akalia kwa hasira ya mtu aliyechelewa kulia. Haifa alilia naye. Hakuona haya, na mimi sioni kwa nini angeona.

Baadaye Daktari Cynthia alivuta kiti.

"Mama Mona, niambie hayo maji yanatengenezwaje."

Haifa akamweleza: fungu la mchicha, maji ya kisima, kitambaa, chupa ya chai. Daktari alisikiliza mpaka mwisho bila kutikisa kichwa, na kwa hilo tu Haifa alimpenda.

"Mchicha si mbaya," akasema daktari. "Mimi mwenyewe naula. Lakini mboga hunyonya mbolea kwa mizizi, na mbolea ikizidi, hubaki majanini kitu kiitwacho naitreti. Mtu mzima akila mchicha wake na wali, kwa kawaida haumdhuru. Sasa nyinyi mwauchemsha sana, ile naitreti inatoka majanini inaingia majini. Majani mwayatupa, maji mwampa mtoto. Na maji yenyewe ni ya kisima cha mjini, kati ya vyoo vya shimo vya tangu zamani. Nayo huwa na naitreti yake."

"Lakini yanachemshwa, daktari."

"Kuchemsha kunaua vijidudu. Naitreti haifi, inazidi kukolea maji yakipungua. Halafu mwayaweka vuguvugu kutwa. Hapo vijidudu vipya vinapata nyumba, vinaigeuza kuwa kitu kibaya zaidi. Damu ya mtoto wa umri huu haijajua kujitetea. Ikishikwa na kitu hicho, haiwezi tena kubeba hewa. Mtoto anavuta pumzi, na pumzi haimfikii."

Haifa alikumbuka chupa yenye maua mekundu. Asubuhi maji mapya, na mtoto mzima. Alasiri maji yaliyokaa, na mtoto wa zambarau.

"Na ningempa kile kikombe cha leo?"

Daktari Cynthia alimtazama akaona kwamba mwanamke huyu hataki kubembelezwa. "Usingefika naye hapa," akasema.

Faraj alifika jioni na mkoba wa mahamri. Alimbusu mwanawe kila mahali, akasikiliza maelezo yote, akakaa kitako kando ya kitanda akashika kichwa.

"Haifa," akasema hatimaye, "mama tusimwambie hivyo. Itamuua. Tumwambie ilikuwa homa. Yale maji wewe uyamwage tu kwa siri kila akikupa."

"Kwa siri?"

"Kwa amani."

"Na siku nikiwa msalani? Na siku nikienda mazikoni?" Haifa alimrudishia mkoba wake wa mahamri. "Mtoto wangu hatalindwa kwa siri, Faraj. Ukiona uzito kumwambia mamako, kaa kando. Mimi n'tasema."

*

Asubuhi iliyofuata Mbodze alipiga hodi kama kawaida na karai lake la mboga kichwani. Mbodze alikuwa mwanamke wa Kigiriama mwenye mgongo ulionyooka, muuza mboga wa Makadara, na Bi Ummukulthum alikuwa akinunua kwake tangu Faraj hajaoa. Siku hiyo hakukaribishwa.

Usiku Faraj alikuwa ameshindwa kuutetea uongo wake wa homa. Mamake alimbana maswali mpaka akatoa neno mchicha na neno mbolea, na hapo akakomea, bila kutaja chupa wala kisima, akidhani ameokoa kitu. Alichofanya ni kumtafutia Mbodze kesi.

"Umetuuzia sumu!" Bi Ummukulthum alisimama kizingitini, na mashuka yaliyoanikwa roshani za jirani yakafunuliwa ili watu waone vizuri. "Mjukuu wangu yuko hospitali kwa mchicha wako!"

Mbodze alitua karai. "Mtoto yuko hospitali? Pole sana, Mama Faraj. Lakini mchicha huu nauuza Makadara nzima. Mimi mwenyewe wanangu wanaula."

"Waweka mbolea!"

"Mimi silimi, nanunua kwa wanaolima. Wanaweka, kweli. Wakiweka kidogo majani yanakuwa manjano, nawe ukiona manjano hununui. Si wewe ulinirudisha mwezi jana, ukanambia wataka ule mweusi, mnene?"

Roshani moja ikacheka. Bi Ummukulthum aliinama, akashika vifungu vya juu akavitupa katikati ya njia, na mkokoteni wa maji ukapita juu yake. Mbodze alitazama mchicha wake ukisagwa. Alitikisa leso, akaweka karai kichwani.

"Umemwaga mboga, Mama Faraj, hukumwaga jina langu. N'tapita hapa hapa kesho. Njia hii si ya nyumba yako."

*

Mona aliruhusiwa siku iliyofuata. Tuktuk ilisimama mwisho wa kichochoro baada ya sala ya adhuhuri, Faraj akatangulia na mizigo, akafungua mlango wa nyumba.

"Ingia, Haifa."

Haifa alifika mlangoni. Akageuka. Akaketi barazani, pale pale wanapoketi wanaume wakitoka msikitini, akamweka mtoto mapajani.

"Wafanya nini?"

"Nimeketi."

"Haifa, watu!"

"Nawaona."

Watu walikuwa wengi. Wazee waliokuwa wakija kuketi walisimama mbali wakaangalia viatu vyao, maana mke wa kijana kuketi baraza la nje mchana kweupe ni jambo lisilo na adabu ya kulijibu. Mwanaesha alitoa nusu ya mwili wake dirishani.

"Chupa ya maua mekundu ikitoka, na maji yaliyomo yakamwagwa, n'taingia," akasema Haifa. Hakuwa akisema na Faraj. Alikuwa akisema na ukumbi wa ndani. "Ikiwa haitoki, naenda kwetu na mwanangu, na sitaki kuulizwa kwa nini."

Mbodze alikuja na karai lake, kama alivyoahidi. Aliona mkutano, akapunguza mwendo.

"Ndoo uketi," akasema Haifa, akamsogezea nafasi.

"Hapa?"

"Hapa. Mchicha wako hauna kosa lolote. Kosa ni letu, na lina mahali pake."

Mbodze akaketi, karai miguuni. Wanawake wawili, mmoja wa buibui na mmoja wa leso, walikaa pale kama wageni waliochelewa kukaribishwa. Mbodze akasogeza karai mbele ya magoti ya Haifa, likamkinga na macho ya watu.

Bi Ummukulthum akatoka. Alikuwa amevaa leso mpya kwa ajili ya kumpokea mjukuu, na mkononi alikuwa na chupa yake na kikombe. Maji aliyachemsha alfajiri kwa maji ya kisima na mchicha alionunua kwingine, kwa vile akilini mwake kosa lilikuwa la muuzaji na lilikwisha kusagwa na mkokoteni. Alimimina kikombe kikajaa. Akakiinua watu wote waone, akanywa mpaka tone la mwisho.

"Nimekufa?" akauliza. "Haya, nitizameni. Nimekuwa buluu? Watoto wa juzi wawachome wajukuu zetu sindano za wino, halafu mimi ndiye mwuaji?"

"Wewe hutokufa, mama," akasema Haifa. "Hata mimi nikinywa sifi. Damu zetu ni za watu wazima. Yeye damu yake ilitoka nyeusi kama halua. Niliiona kwa mato yangu."

"Waniambia mimi habari ya damu?" Sauti ya Bi Ummukulthum ilikatika, ikaanza tena chini zaidi. "Mwanangu Shifa alikufa mikononi mwangu mweupe kama sanda. Kabla ya Faraj. Wakanambia damu, damu haimtoshi, na mimi sina hata kitu cha kumpa. Hata kitu! Baadaye ndipo nikafunzwa maji haya, na sita wakakua. Sasa n'nacho cha kumpa mjukuu wangu, nawe waketi nje wanifedhehi."

Faraj alikuwa hajawahi kulisikia jina la Shifa likitoka kinywani mwa mamake barazani. Aliegemea ukuta. Hata Mwanaesha alivuta mwili ndani kidogo.

Haifa alimwonea huruma mama mkwe wake, huruma ya kweli, na angependa kumshika mkono. Hakumshika.

"Pole, mama. Wallahi pole. Lakini huyu si Shifa, hana ugonjwa wa Shifa. Hatayanywa tena. Si kwako, si kwa Mwanaesha, si kwa mtu yeyote."

Bi Ummukulthum alimimina kikombe kingine, labda anywe tena mbele za watu, labda kwa sababu mikono ilitaka kazi. Na Mona, aliyekuwa ametulia kwenye mapaja ya mamake, akakiona kikombe. Alikijua. Akacheka kwa ufizi wake mtupu, akanyoosha mikono yote miwili, akafungua kinywa.

Mkono wa nyanyake ukashuka. Haukuulizwa, ulishuka wenyewe kama ulivyozoea kila siku, na kikombe kikaelekea kwenye kile kinywa kidogo kilichofunguliwa. Haifa alishamzungushia mtoto mkono kumgeuza.

Lakini kikombe hakikufika. Kilisimama hewani. Bi Ummukulthum alikuwa ameitazama midomo ile, myekundu kama ya asubuhi, na uso wake ukabadilika mbele ya watu wote. Akakifunika kikombe kwa kiganja cha mkono wa pili, akakivuta kifuani mwake. Mona alipiga kelele. Alipiga kile kiganja kwa vijikono vyake, akalia kwa haki yake aliyonyimwa.

"Alie," akasema Bi Ummukulthum. Machozi yalikuwa yakimshuka naye. "Mwache alie. Usimpe."

Akamwaga kikombe kwenye mfereji wa njiani. Akamwaga chupa. Kisha akampa Haifa chupa tupu bila kumtazama.

"Ingia ndani, jua kali."

"Na yaliyo sufuriani, mama."

Kulikuwa na watu pale waliodhani hilo lilizidi. Mimi sidhani. Bi Ummukulthum alifungua kinywa, lakini Faraj alishaingia ndani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alifanya jambo bila kumwuliza mtu: akatoka na sufuria, akayamwaga maji kwenye mfereji uleule mbele ya wazee.

Haifa akasimama. Mbodze naye akainua karai ajiendee.

"Nawe," Bi Ummukulthum akamwambia, "wenda wapi na mchicha huo? Acha vifungu viwili. Vya wali."

"Na vile vya jana je, Mama Faraj?"

"Navyo n'tavilipa," akasema Bi Ummukulthum, akapangusa uso kwa upindo wa leso mpya.

Jioni ile chupa ya maua mekundu ilitiwa chai kwa mara ya kwanza, na maji ya chai yalinunuliwa kwa mkokoteni. Haifa alikuwa ameisugua kwa limau na majivu, lakini chai ilinuka mchicha vilevile. Kikombe cha kwanza alimpa mama mkwe wake, cha pili akanywa mwenyewe, na kila mmoja akakimaliza chake.